Kiti cha Gitaa

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nimeona lori langu likirudi kinyumenyume kwenye kona za Mgeta, kabichi zinaporomoka bondeni kama watoto waliofunguliwa shule, nikawasha sigara nikasubiri litulie. Nimeona dalali aliyeniita kaka asubuhi akawa hanijui adhuhuri, kwa sababu bei ya karoti imeanguka hapo katikati. Darasa la saba sikulimaliza, na leo nina malori matatu, nina nyumba Kihonda yenye geti linalofunguka lenyewe, na watu wenye vyeti vyao wananipisha njia. Sikurithi shamba, sikubebwa na mtu. Nilidhani dunia imeshanionyesha bidhaa zake zote, nzima na zilizooza. Mpaka siku Mwalimu alipotundika gitaa lake begani, akanigeuzia mgongo katikati ya uwanja wa ndege.

Tulimwita Mwalimu, ingawa shule hakuwahi kufundisha. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya misheni, huko kwetu juu milimani, ambako ukidondosha kiazi mlangoni unakwenda kukiokota kwa jirani wa chini. Mchana analima njegere kama sisi wote. Jioni ya mazoezi anavaa shati jeupe, anafunga vifungo mpaka shingoni, anaingia kanisani. Muda ukifika anaanza, awe na watu, asiwe na watu. Mara ngapi tumemkuta amefika ubeti wa pili, yuko peke yake na mabenchi, anaimba sauti zote nne kwa zamu! Hagombi. Anakuonyesha tu kwa kidevu mahali pako pa kusimama, na wewe unatamani ardhi ikufunike.

Gitaa lake lilikuwa la rangi ya chai ya maziwa, limechubuka pale kidole gumba kinapopita. Mkanda wa begani aliukata kwenye kiti cha gari lililopinduka barabarani kwetu. Alisema mkanda huo ulishaokoa mtu mmoja, hautashindwa kushika gitaa. Nyuzi zikichoka hakukimbilia kununua. Alizifungua, akazichemsha kwenye sufuria, akazianika kwenye kamba ya nguo, akazirudisha, na zikalia kama mpya. Mkewe, Mungu amlaze pema, alikuwa akituambia, "Nyumba hii nyuzi zinaiva kabla ya maharage."

Bahili, basi? Sasa sikiliza. Nilipokuwa utingo, kabla sijawa na gari langu, alikuwa akishuka mjini na lori letu kwenda kupiga gitaa parokia nyingine. Anamwomba dereva nafasi ya mbele, karibu na dirisha. Dereva anadhani mzee anataka kukaa yeye. Kumbe anaweka gitaa, analiegemeza vizuri, halafu yeye mwenyewe anapanda juu ya kabichi, vumbi lote lake, mvua yote yake.

Siku moja nikamwambia, "Mwalimu, kaa wewe mbele. Gitaa nipe nilifunge kamba huku juu, mzigo niliofunga mimi haujawahi kudondoka."

Akanitazama kama mtu aliyesikia noti mbovu. "Mzigo unabebwa, baba. Gitaa linasindikizwa."

Tulipofika mjini akalipa nauli mbili, yake na ya gitaa. Dereva hakuwa amedai. Akapokea akicheka, na hela ya gitaa tukainywea soda.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni uongo. Alikuwapo mwimbaji mmoja wa besi, sauti kama ng'ombe dume, fahari ya kwaya nzima. Akakosa mazoezi, akasema alikuwa msibani. Ikajulikana alikuwa kwenye pombe. Mwalimu akamtoa. Pasaka ilikuwa wiki inayofuata, wazee wa kanisa wakamwendea: "Mwalimu, tutaimba bila besi?" Akajibu, "Tutaimba bila uongo." Na kweli, Pasaka ile iliimbwa nyembambaaa kama maji ya mchele.

Kumbuka kwamba Mwalimu huyohuyo Jumamosi alikuwa akipiga gitaa kilabuni, katikati ya walevi, na Jumapili yuko mbele ya altare. Paroko alimuuliza. Akasema, "Pombe sinywi, Padri. Lakini wanywaji nao wana masikio." Waislamu wa bondeni walimwita kwenye harusi zao, akala pilau yao, akawachezesha mpaka vikongwe. Ukimuuliza yeye ni wa nani, alisema ni wa aliyemwalika.

Mimi alinitoa kwenye kwaya pia, ila si kwa uongo. Aliniita pembeni, akaniambia bila kupepesa, "Sauti yako si ya kuimba. Ni ya kunadi. Nenda kanadi." Nililia, nilikuwa barubaru. Wiki hiyohiyo nikabeba kabichi za mama nikashuka nazo sokoni, nikapaza ile sauti yangu mbovu, nikauza kabla ya wote. Kwa hiyo nikisema sikubebwa na mtu, mnielewe nasemaje.

Binti yangu mkubwa yeye ndiye aliyejaliwa sauti. Kila likizo nilimpeleka kwa bibi yake kule juu, na Mwalimu akamfundisha. Siku ya komunyo yake ya kwanza, Mwalimu alimwinamia mbele yetu wote, akamwambia, "Siku utakapoolewa nitakupigia kwa gitaa hili. Popote utakapokuwa." Sisi tukapiga makofi, tukasahau. Wao wawili hawakusahau. Binti alipopata mchumba Mwanza na mipango ikaanza, sisi tunagombania ukumbi na sare, yeye akasema jambo moja: "Baba, mimi namtaka Mwalimu na gitaa lake. Hayo mengine chagueni nyie."

Nikaona hapa ndipo pa kuonekana. Wakwe zangu wana biashara ya samaki, wana magari, na nilishasikia kwamba huko wananiita muuza mboga. Nikaamua Mwalimu hatakwenda na basi kama watu wengine. Atapanda ndege, na mimi pembeni yake, tupigwe picha kwenye ngazi. Nikamnunulia koti. Nikatangaza mizanini kwa madereva wa malori, nikatangaza kanisani, nikawaambia wanakwaya, "Mwalimu wenu anapaa!"

Yeye aliuliza swali moja tu. "Na gitaa litakaa wapi?"

"Ndege ni kubwa, Mwalimu. Kubwa kuliko kanisa hili."

"Umewauliza?"

"Aah! Mimi ni wa kuuliza?"

Sikuuliza. Nilishapanda ndege mara mbili, nikajiona rubani.

Kutoka Morogoro tulichukua treni ya umeme, gitaa liko katikati ya magoti yake, hakuna aliyesema neno. Alhamisi ile uwanjani Dar nilijipanga foleni nimevaa miwani, nazungumza kwa sauti ili nyuma wasikie. Tulipofika mezani, binti wa pale, mpole, mwenye heshima zake, akamwamkia Mwalimu shikamoo, akaitikiwa marahaba. Halafu akalitazama gitaa.

"Baba, hili kwa urefu wake haliingii kama mzigo wa mkononi. Tulipeleke chini na mabegi, au mlinunulie kiti. Nafasi bado ipo."

"Kiti?" nikasema. "Kiti cha nani?"

"Cha gitaa."

Foleni ikacheka. Walicheka tu kama watu wanavyocheka wakichoka kusimama, sasa naelewa. Wakati ule nilisikia wanasema, huyo, mshamba wa kabichi, kaja na ngoma zake. Mwalimu akauliza kiti bei gani. Binti akamtajia. Nakwambia, ile pesa haikufika robo ya lori moja la kabichi, na nilikuwa nayo kwenye simu, mkononi.

"Mimi nikilipie kipande cha ubao kiti?" nikasema, na nikahakikisha foleni imenisikia. "Dada, peleka chini. Mwalimu, toa hilo, watu wanasubiri."

"Chini huko linakaa na nani?"

"Na mabegi, Mwalimu! Linataka mtu wa kupiga naye hadithi?"

Wakacheka tena, na safari hii nilifurahi, maana nilikuwa nimewachekesha mimi.

Mwalimu hakukasirika. Alimgeukia yule binti kwanza. "Asante mwanangu, umenieleza vizuri." Kisha akaniambia, taratibu, kama anayenionyesha sauti yangu iko wapi, "Harusi Jumamosi. Leo Alhamisi. Mabasi yapo. Nitafika."

"Mwalimu, tiketi imeshalipwa! Nitawaambia nini watu?"

"Waambie ninakuja."

Akatundika gitaa begani kwa ule mkanda wake wa gari, akaondoka. Nilitegemea atageuka mlangoni. Hakugeuka.

Nilikuwa nimemchagulia Mwalimu kiti cha dirishani, ili aione milima yetu kutoka juu. Ndege ikaruka, mimi na dirisha lake. Mhudumu akapita, akauliza, "Mwenzako hajapanda?" Nikatikisa kichwa. Akainama akafunga mkanda wa kile kiti kitupu, usining'inie. Safari nzima hadi Mwanza nilikitazama. Kiti kimelipiwa, kimefungwa mkanda, hakina mtu. Ningemwambia yule binti neno moja tu, gitaa lingekaa pale na Mwalimu angekaa hapa nilipo mimi, na mimi ningekwenda na basi. Hilo lilinijia tukiwa mawinguni, ambako mtu hawezi kushuka.

Mwanza walikuja kutupokea hasa. Kina mama wana khanga za kutandika chini, vijana wana ngoma, na mkwe wangu, baba wa bwana harusi, pande la mtu, amefungua mikono yote miwili.

"Mkwe! Mwalimu yuko wapi? Kina mama hawa wamekuja kwa ajili yake, wewe tumeshakuona kwenye picha!"

Hapo ndipo pa kusema kweli. Sentensi moja tu. Nikasema, "Amepata udhuru kidogo wa kikazi. Anakuja na ndege ya kesho asubuhi."

Wa kikazi! Mkulima wa njegere.

Ijumaa asubuhi nikaona mkwe anavaa viatu. "Unakwenda wapi, mkwe?" "Kumpokea Mwalimu. Mgeni wa ndege hapokelewi na bodaboda." Nikampisha mlangoni. Akaondoka na ngoma zake na kina mama wake, wakasimama kule juani kumsubiri mtu ambaye hayumo.

Na Mwalimu akaja na bodaboda. Alishuka getini kwa mkwe, vumbi mpaka kwenye nyusi, koti nililomnunulia limekunjamana kama jani la kabichi iliyolala sokoni. Gitaa lilikuwa kifuani amelikumbatia. Nikamkimbilia, nikamwambia kwa kunong'ona nilichokuwa nimewaambia. Alinitazama mara moja tu, na mimi nikatazama viatu vyake. Kabla hajanawa uso, gari la mkwe likaingia.

"Mwalimu! Tumekusubiri uwanjani mpaka wamefagia! Umepitia wapi?"

Kina mama wameshuka na khanga zao, hazijatandikwa. Nilimwona Mwalimu akilibana gitaa kifuani. Mtu aliyeiacha Pasaka iimbwe bila besi.

"Nilitokea mlango mwingine," akasema.

"Uwanja wetu una mlango mwingine wa abiria?"

"Ule... wa pembeni."

"Haya! Na ndege ilikuwaje?"

"Nzuri. Ilikuwa na vumbi kidogo."

Walicheka mpaka wakashikana mabega, wakidhani mzee ana utani. Uongo wake ulikuwa mbovu kama wa mtoto, haujui kusimama, maana hakuwahi kuufanyia mazoezi. Mkwe alinitupia jicho, akanyamaza kwa adabu ya ukwe. Mimi nikacheka kuliko wote.

Jumamosi alipiga. Sitasimulia, siwezi. Binti alitoka mezani kwake na shela yake, akaja kusimama pembeni ya gitaa, akaimba sauti ya kwanza kama kule kanisani kwa bibi, na ukumbi mzima ukaacha vijiko. Ahadi ilitimia. Ningeacha hapo, mambo yangekuwa na nafuu.

Ukafika wakati wa kutunza. Kwetu na kwao ni mamoja: watu wanapanga foleni wakicheza, kila mmoja na zawadi yake mkononi, na mshereheshaji anataja. Mimi nilitangaza friji na kitanda, nikanogewa, nikabaki na maiki. Nikamwona Mwalimu amekaa pembeni, hakuingia kwenye foleni. Ile sauti yangu ya kunadi ikapanda yenyewe.

"Na Mwalimu wetu jamani! Koti tumemvisha, ndege tumempandisha! Mwalimu, vipi, leo kwaya haina sadaka?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mkono wa Mwalimu uliingia mfuko wa koti, ukakaa humo kidogo, ukatoka mtupu. Akaliinua gitaa kidogo juu ya goti, kama kusema, ni hili. Watu wakampigia makofi, wakaendelea kucheza. Nikajisemea, ubahili wa nyuzi za kuchemsha huo, haujamtoka.

Alirudi na basi. Mimi nilirudi na ndege. Hatukusemezana masika yote.

Mvua zilipokatika nilinunua gitaa jipya, la dukani, na sanduku lake gumu la kulisafirishia, nikapanda nalo kwake. Gari linaishia mbali, kilichobaki ni njia ya miguu, na mimi kitambi changu hakijui tena njia ile. Kina mama walioshuka na matenga ya nyanya kichwani walinipisha wakinionea huruma. Nikamkuta mlangoni kwake anamenya njegere.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, tajiri. Kaa. Pumua kwanza."

Akalitoa lile gitaa jipya, akalikaza, akapiga kidogo, akaweka sikio ubavuni mwake. "Zuri. Wape vijana wa kwaya, wanagombania moja." Akalirudisha kwenye sanduku na kulifunga vizuri. Hivyo tu. Nikajua zawadi yangu imekwenda, na haikuniondolea deni.

Nikamwambia, "Mwalimu, ule uongo wa Mwanza ulikuwa wangu. Nilikutwika wewe."

"Niliungama."

"Padri alisemaje?"

"Aliuliza vumbi la ndegeni lilikuwa kiasi gani." Akacheka, meno mawili ya mbele hayapo tena. Mimi sikuweza kucheka.

"Basi niruhusu nikurudishie nauli. Ilikuwa shilingi ngapi?"

Akaokota ganda la njegere, akalitupa kwa kuku. "Ya nani? Yangu au ya gitaa?"

Nikachukua njegere, nami nikaanza kumenya.

"Konda naye aliniuliza kama wewe, kiti cha gitaa? Nikamwambia ndiyo. Basi lilijaa, wakasimama watu, wakanisema sana. Lakini tulikuwa tumelipa, elfu sabini kila kiti."

"Pesa ulitoa wapi?"

"Zilikuwapo. Nilikuwa nimemwekea mtoto. Tangu alipopata komunyo nilikuwa nikimwekea, kila nikiuza njegere."

Nikauona ule mkono ukiingia mfukoni mwa koti, ukakaa humo, ukatoka.

"Mwalimu, kwa nini hukusema pale ukumbini?"

"Maiki ulikuwa umeishika wewe."

Hakuisema kwa kunichoma. Alisema kama mtu anayeeleza mvua ilinyesha lini. Nikatoa simu, nikamwambia anitajie namba nimtumie muda uleule, mara mbili, mara tatu yake. Akanishika kifundo cha mkono.

"Usinipe mimi. Si zangu. Mpelekee mwenyewe, mwambie ni zawadi yangu. Na umwambie zilichelewa wapi."

"Zote nimwambie?"

"Unaweza kuimba nusu wimbo?"

Kwake mtandao haushiki. Nikapanda mpaka kwenye kilima cha msalaba, ambako wanakwaya huenda kupigia simu zao, nikampigia binti yangu. Nikamwambia yote: foleni ya uwanjani, kiti kitupu, mlango wa pembeni, viti viwili vya basi. Sauti yangu ya kunadi sikuipata, nilisema kama mwenye mafua.

Halafu binti akasema, "Baba, uliposema vile kwenye maiki, na mimi nilicheka." Akakata simu.

Nikabaki pale juu, Morogoro yote iko chini yangu na malori yangu matatu yako humo mahali fulani, siyaoni. Nikatuma. Elfu sabini ya mtu, elfu sabini ya gitaa, na nikaongeza ya kutolea, asije akakatwa hata senti kwenye zawadi ya watu. Jumla shilingi laki moja na elfu arobaini na nne.